Kompyuta ya michezo kwa matangazo mubashara: anzia kwenye intaneti, umalizie dukani

Kijana aliyeketi chumbani kwake Bujumbura, Kigali, Goma au Kampala anaweza leo kucheza mchezo wa kompyuta huku watu wa Mombasa, Muscat na Toronto wakimtazama na kumwandikia papo hapo. Matangazo ya aina hiyo yamekuwa na jukwaa lake maalumu tangu mwaka 2011, ilipoanzishwa Twitch, ambayo kampuni ya Amazon iliinunua mwaka 2014. YouTube nayo hutoa huduma hiyo bila malipo. Katika ukanda wetu wapo waliokwisha kufungua njia: Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kulipwa mwaka 2018 kwa umahiri wake katika mchezo wa Tekken.

Hata hivyo, kati ya hamu na kazi yenyewe kuna gharama. Kompyuta inayoweza kuendesha mchezo na kuutangaza kwa wakati mmoja ni akiba ya miezi mingi, pengine ni mchango wa familia nzima. Makosa mengi hugunduliwa wakati fedha zimekwisha kutoka mfukoni na duka halirudishi. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta hiyo inavyofanya kazi, namna ya kuchagua vipuri vyake, kuviunganisha na kuipanga, kwa kuzingatia umeme na intaneti tulivyo navyo katika nchi zetu.

Kasi ya kupakia kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kadi ya picha. Swali la kwanza lingepaswa kuwa jingine: je, intaneti ya nyumbani inaweza kubeba matangazo? Matangazo yanapotoka nyumbani kwako hutegemea kasi ya kupakia, si kasi ya kupakua ambayo kampuni za simu huitangaza. Mara nyingi kasi ya kupakia huwa ndogo kuliko ile nyingine kwa mbali.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Twitch, picha ya kiwango cha 720 yenye fremu 30 kwa sekunde huhitaji kilobiti 3,000 kwa sekunde. Picha ya 720 yenye fremu 60 huhitaji takriban kilobiti 4,500, na ile ya 1080 yenye fremu 60 hufikia kilobiti 6,000. Mazoea mazuri ni kutotumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi uliyo nayo, kwa sababu mchezo wenyewe na simu za watu wa nyumbani pia vinahitaji nafasi. Kwa hiyo, anayetaka kutangaza kwa kilobiti 3,000 awe na kasi ya kupakia ya megabiti 4.5 au zaidi, na anayelenga kilobiti 6,000 awe na megabiti 9.

Kipimo kimoja cha mchana hakitoshi. Pima kasi hiyo kati ya saa mbili na saa nne usiku, muda ambao mtandao hulemewa na watumiaji, na urudie kwa siku kadhaa. Chukua kipimo kibaya kuliko vyote. Hicho ndicho kitakachotawala matangazo yako. Pale inapowezekana, unganisha kompyuta na kisambaza mtandao kwa waya badala ya Wi-Fi.

Nchi zetu zisizo na pwani zina tahadhari ya ziada. Sehemu kubwa ya intaneti yake hupitia nyaya zinazotoka Mombasa na Dar es Salaam, na kuanzia hapo hutegemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora kutoka Tanzania na Kenya hadi Uganda na Rwanda. Hakuna kompyuta, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Hesabu ya data

Baada ya kasi, kuna kiasi cha data. Matangazo ya kilobiti 3,000 hula takriban gigabaiti 1.35 kwa saa; ya kilobiti 4,500 hula 2; na ya kilobiti 6,000 hula 2.7. Anayetangaza saa mbili kila usiku, siku 20 kwa mwezi, kwa kilobiti 4,500, atatumia takriban gigabaiti 81, bila kuhesabu kupakua michezo na masasisho yake, ambayo kila moja inaweza kufikia makumi ya gigabaiti. Mwenye kutumia vifurushi vya simu na aifanye hesabu hii kwanza, kwa maana gharama ya mwaka mmoja ya data inaweza kushinda bei ya kompyuta yenyewe.

Kompyuta moja, kazi mbili

Ili kuelewa vipuri, ni vyema kujua kazi inayofanyika ndani. Picha ya 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde, kabla ya kubanwa, ina ukubwa wa karibu gigabiti 3 kwa kila sekunde. Ili ipite katika njia ya megabiti 6 ni lazima ibanwe takriban mara 500, tena bila kuchelewa. Kazi hiyo ya kubana hufanywa na enkoda.

Zamani kazi hiyo iliangukia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo prosesa hiyo hiyo ilikuwa ikiendesha mchezo. Ndiyo maana watangazaji wa kwanza walinunua kompyuta mbili. Leo hali ni tofauti. Intel iliweka enkoda ndani ya prosesa zake tangu mwaka 2011, na Nvidia ikaweka yake, iitwayo NVENC, ndani ya kadi za picha kuanzia mwaka 2012. Ubora wa NVENC uliongezeka sana kwa kadi za RTX zilizotoka mwaka 2018. AMD nayo ina enkoda yake ndani ya kadi zake. Kwa sababu hiyo, kompyuta moja ya kiwango cha kati inatosha kwa mtangazaji anayeanza.

Kupanga ni kuchagua

Fedha zikiwa chache, kila kipuri kipewe uzito wake.

Prosesa yenye viini sita inatosha. Ryzen 5 5600 ya AMD na Core i5-12400 ya Intel ni mifano inayojulikana. Angalia herufi zinazofuata namba: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, na Ryzen 5 5600 pia haina. Kadi yako ya picha ikiharibika, kompyuta haitaonyesha chochote hadi upate nyingine. Core i5-12400 isiyo na F hukuacha na njia ya dharura.

Kadi ya picha ndiyo hubeba mchezo na mara nyingi ndiyo hubana matangazo, hivyo istahili sehemu kubwa ya bajeti. RTX 3060 na RX 6600, zote za mwaka 2021, bado huendesha michezo mingi kwa kiwango cha 1080. Anayecheza michezo ya mpira au ile mepesi ya mashindano hahitaji kadi kubwa kuliko hizo.

Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, iwe gigabaiti 16 kwa uchache, na inunuliwe kwa vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa vipande viwili hufanya kazi sambamba. Kumbuka kwamba DDR4 na DDR5 hazibadilishani: tundu la moja halipokei nyingine. Ubao mama, ambao wengi huuita madabodi, ndio huamua aina ya ramu na aina ya prosesa, kwa hiyo vitatu hivyo vichaguliwe pamoja.

Kwa hifadhi, SSD ya terabaiti 1 inafaa zaidi kuliko diski ya kuzunguka, kwani michezo ya sasa ni mizito na huchelewa kufunguka katika diski za zamani.

Kipuri ambacho wengi hukidharau ni pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kompyuta tuliyoieleza hutumia takriban wati 300 inapolemewa. Pawasaplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inatosha. Jihadhari na zile zilizoandikwa wati nyingi kwa bei ndogo: ikishika uzito mkononi kama kopo tupu, huenda ndani hamna kilichoandikwa nje. Pawasaplai mbovu haifi peke yake. Huweza kufa pamoja na ubao mama na kadi.

Vipuri vilivyokwisha kutumika

Soko la mitumba limewasaidia wengi, na si jambo la aibu. Lakini lina mitego. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Kadi kama hiyo inaweza kuwa nzima, lakini feni zake na pedi zake za kupitisha joto huwa zimechoka.

Usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Omba iwashwe kwa mchezo mzito kwa dakika 30. Sikiliza feni, tazama kama kuna mistari au madoa ya ajabu kwenye skrini, na uangalie joto lisipande bila kukoma. Tumia pia programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huonyesha jina halisi la kadi. Ziko kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zionekane mpya, na programu hiyo huweza kuzigundua. Muuzaji akikataa majaribio, hilo nalo ni jibu.

Umeme: hatari isiyoonekana

Katika nchi zetu umeme wa nyumbani ni wa volti 220 hadi 240, lakini hupanda na kushuka, na hurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuaga watazamaji na kuizima kompyuta ipasavyo. Uangalifu unahitajika katika kusoma ukubwa wake: UPS iliyoandikwa 650 VA haibebi wati 650, nyingi za aina hiyo hubeba wati 360 hadi 400. Ukiunganisha kompyuta na skrini, umefika karibu na ukomo. Kisambaza mtandao nacho kiunganishwe hapo, kwa maana kinakula umeme kidogo na bila hicho hakuna matangazo.

Jambo la pili ni waya wa ardhini. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huja na plagi ya pini tatu bapa. Zinapofika Burundi, Rwanda au mashariki ya Kongo, ambako nyumba nyingi zina soketi za pini mbili za duara, mwenye nazo hununua adapta ndogo ya bei nafuu. Adapta hizo mara nyingi hukata njia ya ardhini. Dalili yake ni mshituko mdogo, kama wadudu wanaotembea, unapogusa chuma cha kasha. Hali hiyo si ya kawaida, ingawa wengi wameizoea. Mwite fundi wa umeme aangalie soketi, na ubadilishe waya wa kompyuta badala ya kutumia adapta.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Kazi ya kuunganisha haihitaji zaidi ya bisibisi ya nyota, meza yenye mwanga na subira. Gusa chuma mara kwa mara ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Kwanza, weka ubao mama juu ya boksi lake. Ingiza prosesa kwa kulinganisha alama ndogo ya pembetatu. Ilale yenyewe bila kusukumwa. Pili, chomeka vipande vya ramu. Kwenye ubao wenye matundu manne, kwa kawaida hutumika la pili na la nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Tatu, weka SSD. Nne, paka dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje moja ya njegere, kisha funga kipoza joto. Ondoa karatasi ya plastiki iliyo chini yake. Wengi huisahau, na kompyuta huzimika kwa joto dakika chache baada ya kuwashwa.

Tano, hakikisha kasha lina vinguzo vidogo vya chuma vinavyolingana na matundu ya ubao mama. Ubao ukigusa kasha moja kwa moja, unaweza kuungua. Sita, unganisha nyaya za pawasaplai: ule mpana wa pini 24, na ule wa prosesa wa pini 8 ulio juu pembeni. Bila huo wa pili, feni huzunguka lakini skrini hubaki nyeusi. Saba, chomeka kadi ya picha kwenye tundu refu la juu na uipe waya wake wa umeme.

Mwisho, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mama. Kosa hili dogo limewafanya watu wengi kuamini kwamba kadi waliyonunua ni mbovu.

Kuipanga kwa ajili ya kazi

Kompyuta ikiwaka, ingia kwenye BIOS na uwashe XMP, au EXPO kwa baadhi ya mashine za AMD. Usipofanya hivyo, ramu uliyoilipia kasi ya 3200 huenda itembee kwa 2133 au 2666.

Kuhusu mfumo endeshi, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0, na kwa upande wa Intel huhitaji prosesa za kizazi cha nane au zaidi. Anayenunua mashine ya mtumba azingatie hilo.

Programu ya kutangazia inayotumiwa na wengi ni OBS Studio, ambayo ni ya bure. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi tu. Kwa kuanzia, weka picha ya kutoka iwe 1280 kwa 720, fremu 30, enkoda ya kadi ya picha, kasi isiyobadilika ya kilobiti 3,000, na fremu kamili kila baada ya sekunde 2. Picha safi ya 720 inayotembea bila kukwama humpendeza mtazamaji kuliko ya 1080 inayoganda.

Matangazo yakikwama, OBS yenyewe hueleza chanzo katika dirisha lake la takwimu. Fremu zikipotea kwa sababu ya mtandao, punguza kilobiti. Zikirukwa kwa sababu ya kubana, punguza ukubwa wa picha au fremu. Zikikosekana kwa sababu ya uchoraji wa picha, kadi imelemewa na mchezo: weka kikomo cha fremu 60 ndani ya mchezo ili kadi ipate nafasi ya kuhema. Bila kutazama takwimu hizi, mtu huweza kununua kadi mpya ilhali tatizo ni intaneti.

Sauti isisahauliwe. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti inayokwaruza humfukuza. Maikrofoni ya kawaida iliyo karibu na mdomo ni bora kuliko ya ghali iliyo mbali. Katika OBS, maneno yafikie eneo la njano bila kukaa katika jekundu. Kwa kamera, simu uliyo nayo inatosha kwa kuanzia.

Usalama na sheria

Kila akaunti ina ufunguo wa siri wa matangazo. Anayeupata anaweza kutangaza kwa jina lako, hivyo usiuonyeshe kwenye skrini wala kumtumia mtu. Funga jumbe za simu na barua pepe kabla ya kuanza. Usionyeshe nyumba, shule au mtaa wako. Muziki wa wasanii usio na idhini unaweza kusababisha matangazo kufutwa.

Wazazi wafahamu kwamba Twitch haipokei watoto walio chini ya miaka 13, na YouTube tangu Julai 2025 humtaka anayetangaza mubashara peke yake awe na miaka 16 au zaidi. YouTube pia huweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusu matangazo ya kwanza, kwa hiyo omba ruhusa siku moja kabla. Kanuni za nchi nazo zina nguvu: Tanzania, kwa mfano, tangu mwaka 2018 ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Ulizia ofisi ya mawasiliano ya nchi yako kabla ya kuigeuza kazi hii kuwa biashara.

Kabla ya kutoa fedha

Mapato ya matangazo huja polepole, na kwa wengi hayaji kabisa. Si busara kukopa kwa kutegemea watazamaji ambao bado hawapo. Jaribio la bei nafuu lipo: tangaza kwa wiki mbili ukitumia simu au kompyuta ya rafiki, kwa saa zile zile unazokusudia, na intaneti ile ile. Ukiona kasi inatosha, data inalipika, umeme unavumilika na wewe mwenyewe bado una hamu ya kurudi kesho yake, nenda dukani ukiwa na orodha yako mkononi. Ukiona moja kati ya hayo halipo, umeokoa akiba yako, na unajua ni jambo lipi la kurekebisha kwanza.